Ulimi wa Mhalifu Mpumbavu: Filamu za Katuni za Watoto na Kiswahili cha Ituri

Katika filamu za katuni za watoto yumo mhusika anayestahili kuchunguzwa kwa makini zaidi kuliko ilivyo kawaida: mhalifu mpumbavu. Mhusika huyu amekusudia kuitawala dunia nzima. Ana maabara, ana jeshi, ana mitambo ya kutisha, lakini hawezi kufungua mlango bila kujibana vidole. Kila sehemu ya mfululizo huanza na hila yake mpya na humalizika kwa hila hiyo kumlipukia mwenyewe usoni. Mtoto hucheka, na siku ya pili hurudi kutazama. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja juu ya mhusika huyo: anapofungua kinywa, anasema kwa ulimi wa nani? Swali hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kifasihi, na katika mji kama Bunia jibu lake halina mchezo.

Mfano ulio wazi wa aina hii ni Evil Con Carne, mfululizo wa Marekani uliobuniwa na Maxwell Atoms. Ulianza mwaka 2001 ukiwa sehemu ya kipindi cha Grim & Evil katika stesheni ya Cartoon Network, ukapewa nafasi yake peke yake mwaka 2003, na ukakoma mwaka 2004. Mhusika mkuu, Hector Con Carne, amepoteza mwili wake. Kilichosalia ni ubongo na tumbo, navyo vimefungwa katika mwili wa dubu wa sarakasi wa Kirusi aitwaye Boskov. Ubongo unaamuru dunia itekwe, tumbo linadai chakula, na dubu aliyewabeba haelewi lolote. Pembeni yupo Jenerali Skarr, ambaye kazi yake ni kumtumikia bwana huku akitafuta nafasi ya kumpindua. Wahusika wakuu hapa ndio waovu wenyewe, na mtoto huwafuata hao.

Msomaji aliyekulia katika hadithi za jioni hapati ugeni mkubwa. Ubongo na tumbo vilivyotenganishwa ni fisi yule yule tunayemfahamu. Katika hadithi inayosimuliwa katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, fisi anafika penye njia panda, pua inamwambia kwamba kuna nyama huku na kuna nyama kule. Anaweka miguu ya upande mmoja katika njia hii na ya upande wa pili katika njia ile, anaendelea kutembea, hadi anapasuka. Methali ikahifadhi kisa kizima kwa maneno manne: njia mbili zilimshinda fisi. Katika visa vyake vingi akili imo, na hila anazijua. Kinachompoteza ni kwamba tumbo hutangulia mbele ya akili, na msikilizaji huona aibu ile ikija tangu mwanzo wa hadithi. Kwa hiyo upumbavu wa fisi una sababu, na sababu yenyewe ni tamaa, kitu ambacho kila mtoto aliyewahi kuiba kipande cha nyama chunguni anakijua moyoni mwake. Atoms alikitia katika chupa mbili na kukifungia dubu. Fani imebadilika, lakini asili ni ile ile.

Kiswahili chenyewe kina maumbo yanayofaa sana kwa mhusika huyu. Kiambishi ji- hukuza na mara nyingi hutia chuki: jitu, jizi, joka. Mzizi -tu unapopunguzwa kwa ki- unahitaji kwanza ji- ya kuutegemeza, na neno linakuwa kijitu. Mwanasarufi atasema, na kwa haki, kwamba ji- ya kijitu haina kazi ya ukuzaji, kama ilivyo katika kijiti na kijito. Hata hivyo sikio halisomi sarufi. Sikio husikia jitu la kutisha lililovishwa silabi moja mbele na kugeuka mtu mdogo wa kuchekwa. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina njia yake ya kufika pale pale, kwa viambishi ka- na tu-, kama katika katoto na tutoto. Na mama wa Bunia anayemwita mwanasiasa kwa ka- amekwisha maliza hotuba yake ya upinzani. Vichekesho vyote vya mhalifu mpumbavu vimo katika safari hiyo fupi ya kiambishi. Lugha yenye zana kama hizi haikupaswa kuomba mhalifu mpumbavu kutoka ng'ambo.

Afrika ya Mashariki imekwisha jaribu. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa katika studio za Homeboyz mjini Nairobi kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, na ambayo sura yake imechukuliwa katika michoro ya Tingatinga ya Tanzania, ilianza kuonyeshwa mwaka 2010. Lakini hadithi zake ni za asili ya wanyama, kwa nini huyu ana mkonga na yule ana madoa. Mwovu wa kweli hana makao humo. Mhalifu mwenyewe alifika Nairobi tarehe 8 Machi 2021, siku mfululizo wa Super Sema ulipoanza kuonyeshwa katika YouTube. Kampuni ya Kukua ndiyo iliyoutengeneza, na mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o ni mtayarishaji mtendaji wake. Sema ni msichana anayeishi na pacha wake MB katika makazi ya Kiafrika ya siku zijazo yaitwayo Dunia. Hana nguvu za miujiza. Ana ubunifu, hesabu na sayansi. Adui yake ni Tobor, mtawala asiye na moyo, akili iliyotengenezwa kwa mitambo, pamoja na jeshi lake la maroboti wazembe. Jina lake ni neno la Kiingereza la roboti lililosomwa kinyumenyume, na mtoto anayejifunza kusoma hufurahia kuligundua hilo mwenyewe.

Sifa za mfululizo huu si haba. Msichana Mwafrika anashika nyundo na kipimo badala ya kungoja kuokolewa, na Afrika inasawiriwa katika wakati ujao bila kuombewa radhi. Ila jina la msichana linamdai zaidi ya hapo. Sema ni kitenzi cha kuamuru, na jina la mahali anapokaa ni Kiswahili vilevile. Lakini lugha ya asili ya mfululizo ni Kiingereza, Kiswahili kimebaki katika majina. Amri imetolewa, na aliyeamriwa anajibu kwa lugha nyingine. Upungufu wa pili uko katika Tobor. Upumbavu wa maroboti yake ni upumbavu wa chombo kibovu. Hawana njaa, hawana wivu, hawana woga wa bwana wao unaomfikia mtazamaji. Mtoto anacheka skrubu iliyolegea. Fisi akipasuka, kuna mtu ndani yake anayepasuka.

Kuna sababu njema ya kumpa mwovu jeshi la mashine: mashine ikivunjika hakuna mama anayelia. Watunzi wa vichekesho vya watoto ulimwenguni pote hufanya hivyo, na hakuna wa kuwalaumu. Bali kazi ya sanaa hubadilika maana kulingana na mahali inapotazamwa. Bunia ni mji ambao historia yake ya karibuni ilijibu swali la jeshi la mwovu kwa njia nyingine. Mwezi wa Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimtia hatiani Thomas Lubanga Dyilo kwa kuwaandikisha watoto walio chini ya umri wa miaka 15 katika jeshi na kuwatumia vitani, katika vita vya Ituri vya mwaka 2002 na 2003. Waliotii amri hawakuwa maroboti. Wengi wa watoto wale leo ni watu wazima, na baadhi yao ni wazazi wa watoto wanaotazama katuni katika simu. Hapo ndipo panapohitaji uangalifu: si kwamba mtoto wa Bunia asicheke, bali kwamba kicheko chake kina majirani.

Sasa turudi kwenye ulimi. Mwaka 1997 mwanaisimu Rosina Lippi-Green alichapisha uchunguzi wa wahusika 371 katika filamu 24 za Disney, za tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1994. Aliwapanga kwa lafudhi zao za Kiingereza na kwa wema au ubaya wao. Kati ya waliosema Kiingereza cha Kimarekani, waovu walikuwa kama asilimia 20. Kati ya waliosema Kiingereza kwa lafudhi ya mgeni, waovu walikuwa kama asilimia 40. Mtoto haambiwi wazi kwamba mgeni ni mbaya. Anasikia tu, filamu baada ya filamu, kwamba mbaya ana sauti ya mgeni. Dubu wa Hector alipewa jina la Kirusi, na bwana wake jina la Kihispania lililochanganywa na jina la chakula. Mzaha unaonekana mdogo, na ni mdogo kweli, kwa mtu asiyeitwa majina ya namna hiyo.

Mfano unaogusa karibu zaidi ni wa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Wahalifu wapumbavu wa filamu hiyo ni fisi, na mmoja wao anaitwa Shenzi. Mtunzi aliyefungua kamusi ya Kiswahili kutafuta jina la kumfaa fisi mchafu na mjinga hakukosea maana. Labda hakujua historia. Neno mshenzi lilikuwa kinywani mwa waungwana wa pwani walipotaja watu wa bara, wasio Waislamu na wasiojua lugha ya pwani. Misafara ya biashara ya pembe na watumwa ya nusu ya pili ya karne ya 19, ambayo jina la Tippu Tip limebaki kuwa alama yake, iliwafikisha waungwana hao hadi mashariki ya Kongo, na lugha waliyoiacha ikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Ndicho Kiswahili kinachosemwa Ituri hadi leo, kikiwa kimebadilishwa na waliokipokea. Kwa maneno mengine, wajukuu wa walioitwa washenzi ndio wanaosema leo lugha ya waliowaita hivyo. Mtoto wa Bunia anapotazama filamu ile, hata kwa tafsiri ya Kifaransa, neno moja la Kiswahili analolitambua katika genge la fisi ni tusi walilotukanwa babu zake. Wasomi wa Kiswahili wamezoea kusherehekea kila neno letu linaposikika Hollywood. Sherehe hiyo ilihitaji kuahirishwa kidogo.

Yapo mashaka yanayoweza kutolewa hapa. Je, si kweli kwamba kumcheka mwovu ni kumpunguza nguvu? Ni kweli mara nyingi, lakini si kila kicheko kinaelekezwa mahali panapofaa. Idi Amin alitawala Uganda tangu Januari 1971 hadi Aprili 1979. Katika miaka hiyo, gazeti la vichekesho la Punch la London lilichapisha safu ya Alan Coren iliyojifanya kuwa taarifa za Amin kwa Kiingereza kilichovunjika, na mwaka 1974 zikakusanywa kuwa kitabu. Wasomaji walicheka Kiingereza chake. Waliokuwa wakiuawa Uganda hawakuuawa na makosa ya sarufi. Nchini Tanzania, wakati wa vita vya mwaka 1978 na 1979, Amin aliitwa nduli, neno ambalo halimcheki mtu kwa lafudhi yake wala halimpunguzi ubaya wake. Lilimtaja kwa alichokuwa akikifanya. Ituri inapakana na West Nile, nyumbani kwa Amin, na Zaire ya wakati ule iliwapokea wakimbizi kutoka huko baada ya utawala wake kuanguka, watu walioogopa kulipishwa makosa ya mtu mmoja kwa sababu tu walisema kama yeye. Mwovu alipokwisha kupewa ulimi wa jamii fulani, jamii hiyo ndiyo iliyobaki na deni.

Kwa sababu hiyo mtu atakayetaka kumtia mhalifu mpumbavu Kiswahili cha Bunia atakuta njia zilizo rahisi zote zina miiba. Akimpa lafudhi ya Mlendu, au ya Mhema, au ya Mwalur, amechochea moto katika mkoa ambao vita vya mwaka 1999 hadi 2003 na mauaji yaliyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017 vimewafanya watu wasikilizane kwa hofu. Isitoshe, atakuwa amekosea kiisimu: Wahema wa kaskazini wenyewe husema Kilendu, kwa hiyo lafudhi haitambulishi hata upande. Akimpa Kilingala, amegusa lugha iliyofuatana na jeshi tangu Force Publique ya ukoloni, na mtoto atacheka kwa furaha kubwa, lakini jirani yake aliyezaliwa Kisangani au Kinshasa atakuwa amelipia kicheko hicho. Akimpa Kiswahili sanifu cha pwani, atapata kichekesho kizuri, kwa kuwa masikio ya Bunia hukisikia kama Kiswahili cha kitabuni. Ila walimu wenye jukumu la kukifundisha watapoteza mwaka mzima wakikiondolea harufu ya Tobor. Waliotunga filamu ya Ufaransa na Marekani Moi, moche et méchant mwaka 2010 walipita kando ya tatizo hili kwa kuwapa watumishi wadogo wa mhalifu lugha isiyo ya mtu yeyote, mchanganyiko wa sauti unaopendwa hata pale usipoeleweka. Ni werevu, lakini ni kukwepa: mwovu asiyesema lugha yoyote hawezi kusema uongo, na kusema uongo ndiyo kazi kubwa ya waovu tunaowafahamu.

Msimuliaji wa hadithi amekwisha lishughulikia jambo hili zamani. Fisi wake haongei kama kabila fulani. Ana sauti ya kukokota, au ya puani, sauti ya fisi tu. Na anapotaka kudanganya, hubadilisha mtindo wala habadilishi lafudhi. Anaongea kama mzee wa baraza, anajipa vyeo, anatumia maneno marefu kuliko mkia wake. Kichekesho kinatokana na rejesta. Hapo ndipo mtunzi wa katuni wa leo angeweza kuanzia, kwa kuwa Bunia ni mji wa ofisi, na lugha ya ofisi haina kabila. Tobor wa Ituri angeweza kusimama mbele ya kipaza sauti na kutangaza: «Ndugu wananchi, kwa mujibu wa mamlaka niliyojipa jana usiku, mvua imepigwa marufuku hadi taarifa nyingine.» Na katoto kamoja kangemjibu kwa lugha ya nyumbani: «Mvula inanyesha, papa.» Lugha mbili za mji mmoja zimekutana, ile ya kutawala na ile ya kuona, na hakuna jamii iliyoumizwa isipokuwa jamii ya wenye kupenda mihuri. Hao wana ngozi nene.

Wapo watakaosema kwamba Kongo haina mapokeo ya katuni ya kujengea jambo kama hili. Wakumbuke Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988 na kutengeneza mwaka 1991 filamu fupi ya Le Crapaud chez ses beaux-parents kutokana na hadithi ya Kitetela, kisa cha chura aliyekwenda ukweni. Mwaka uliofuata alitoa Kinshasa, septembre noir. Mwezi wa Septemba 1991 wanajeshi waliiparua Kinshasa kwa uporaji, na Kibushi alitumia michoro ya watoto waliouona. Wale waovu wenye friji kichwani na bunduki begani hawakubuniwa na kampuni yoyote. Watoto waliwachora wenyewe, kwa kipimo chao. Filamu hizo mbili za mtu mmoja, zilizofuatana ndani ya mwaka mmoja, zinaonyesha kwamba mnyama wa hadithi na mwovu wa barabarani vinaweza kutoka katika meza moja. Kilichokosekana ni fedha na mahali pa kuonyeshea, si wazo.

Linabaki swali dogo la upatanisho wa kisarufi ambalo mtafsiri wa Super Sema hawezi kuliruka. Kiswahili sanifu kinamruhusu Tobor atembee kwa njia tatu. «Tobor anakuja» inamfanya mtu, mwenye kuulizwa kwa nini alitenda alivyotenda. «Tobor inakuja» inamfanya chombo, na chombo hakishtakiwi. «Tobor linakuja» inamtia katika kundi la zimwi na jitu, ambamo kuogopwa na kuchekwa hukaa nyumba moja. Kiswahili cha Bunia kimepunguza sana upatanisho wa ngeli, na li- haisikiki sana katika mazungumzo ya kila siku. Mtoto ataachiwa achague kati ya a- na i-, yaani kati ya mtu na kitu. Mtafsiri akimwachia i- kwa sababu kamusi inasema roboti ni mashine, atakuwa ametoa hukumu kabla ya sehemu ya kwanza kumalizika. Afadhali amwandikie a- tangu mwanzo, hata kama mhariri atamsahihisha.